Siku Jogoo Alipoingia Uwanja wa Matimba

Mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na miwili, ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe, iliingia kwenye zizi letu na haikutoka mpaka zizi lilipoota majani. Shida zangu zilianzia hapo. Baba aliniita asubuhi moja akasema, "Mabula, shule basi. Kuanzia kesho unachunga ng'ombe wa watu." Nilikuwa darasa la tatu. Kusoma nilishajua, kuandika nilishajua, kujumlisha na kutoa nilishajua. Kugawanya hatukuwa tumefika, ndiyo maana hadi leo kuna watu wanasema mimi ni mchoyo.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mliopokea ufagio, pampu na funguo za uwanja wa Matimba hapa Katoro. Mmeniomba niwaeleze kazi. Mshahara wangu siwaambii, na vyeo sikuwa navyo. Nilianza mtunza uwanja nikamaliza mtunza uwanja. Nitawaambia nilichofanya na nilichokiona. Nilichokiona ni kikubwa kuliko nilichofanya, na mimi si mtu wa kujishusha.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa winchi kwenye maduara. Asiyejua duara, ni shimo linalokwenda chini kama kisima, ila badala ya maji mnatafuta mwamba wenye dhahabu. Winchi yetu haikuwa na injini. Ni gogo limelazwa juu ya miti miwili, lina mikono ya chuma pande zote, kamba imezungushwa katikati. Mimi upande huu, mwenzangu upande ule. Asubuhi tunamshusha kijana, mchana tunapandisha viroba vya mawe, jioni tunampandisha kijana. Kamba ikitikiswa mara moja, simamisha. Mara mbili, pandisha. Ikitikiswa ovyo ovyo, pandisha na umwombe Mungu. Nimeifanya kazi hiyo Mwakitolyo, nimeifanya Geita, nimeifanya mahali ambapo sasa ni mashamba ya mihogo na anayelima hajui kuna nini chini ya jembe lake. Vijana niliowashusha siwezi kuwahesabu. Wengi niliwapandisha wazima. Nasema wengi.

Nilipokaribia miaka hamsini, mkono wa winchi ulikatika ukanipiga begani. Bega lilipona, lakini nguvu ya kuzungusha haikurudi. Tajiri wa duara letu alikuwa amepata mwamba mzuri mwaka huo. Watu walidhani atajenga gorofa au ataongeza mke. Akajenga uwanja wa mpira wa kikapu, kwa sababu ujanani, sekondari, aliucheza, na mtu akipata pesa hurudi kwenye ujinga wake wa zamani. Akaanzisha timu, akaiita Matimba. Matimba ni magogo tunayosimika ndani ya duara ili lisibomoke. Nililipenda jina. Akaniambia, "Mzee Mabula, winchi huiwezi tena. Kaa hapa unilindie hiki kitu."

Siku ya kwanza nilikuta sakafu ya zege, nguzo mbili na mwanamke mwembamba mwenye filimbi shingoni. Huyo ndiye Kocha Adela, Mhaya, aliyekuja kufundisha timu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Golikipa wenu anasimama wapi?"

Akanitazama vizuri aone kama natania. "Hatuna golikipa, mzee."

"Basi mtafungwa sana."

"Tutafungwa, na sisi tutafunga. Ndiyo mchezo wenyewe."

Nikasema moyoni, tajiri ameibiwa. Mchezo gani hauna mtu wa kuzuia mlango?

Saa kumi wakaja vijana. Hawa hawakuwa vijana wa kucheza wakichoka kazi. Kila mmoja alikuwa na mkataba, hii ndiyo kazi yake, anaamkia hapa na analala amechoka hapa. Wakaanza kukimbia. Mimi niko pembeni na ufagio wangu. Kijana mmoja akatoka katikati ya uwanja na mpira, akapiga hatua mbili, na ya tatu hakuikanyaga chini. Alipanda. Sina neno jingine. Alipanda juu kama mtu anayevutwa, nikainua macho kutafuta kamba. Kwa miaka yote ile niliwashusha vijana chini kwa mikono yangu miwili, na ili mmoja apande ilibidi wanaume wawili watoe jasho. Huyu alipanda peke yake, akaweka mpira ndani ya ringi, akatua, akageuka kurudi kama vile hakuna kilichotokea. Ufagio ulinianguka. Kocha Adela aliuona, akacheka.

"Umeelewa sasa, mzee?"

"Sijaelewa. Lakini kesho nitakuja mapema."

Kazi nilifundishwa na Fundi Sitta, mchomeleaji aliyetengeneza ringi zetu. Alikuwa mfupi, mkali, na alivaa miwani ya jua hata ndani ya kibanda chake. Yeye ndiye aliyenifundisha kugonga ringi kwa spana kila Jumatatu. "Chuma kizima kinaimba," alisema, "chuma kilichopasuka kinakohoa. Ukisikia kikohozi, usisubiri kocha, niite." Mtu anayedaka ringi akiwa juu ananing'inia kwa uzito wake wote. Chuma kikimwachia, anatua kwa mgongo juu ya zege. Nilimwelewa Sitta haraka. Mtu wa winchi hahitaji kuambiwa mara mbili habari ya kitu kinachombeba kijana.

Mengine ni haya. Sindano ya pampu ilowesheni mate kabla ya kuichomeka, la sivyo mtararua mdomo wa mpira. Mpira uachieni kutoka usawa wa paji la uso. Ukirudi kitovuni uko sawa, ukirudi kifuani umejaa mno, ukiishia magotini nendeni mkauchezee chandimu. Vumbi la Katoro mnalijua, ni jekundu na halina adabu. Fagieni kutoka katikati kwenda nje, kisha piteni na gunia bichi. Mkifagia kutoka nje kwenda katikati, mmefanya kazi ya upepo. Mvua ikinyesha, vipande vya godoro vinakausha kuliko matambaa. Rangi ya mistari ipakeni watoto na mbuzi wa majirani wakiwa mbali. Mimi nilipiga mstari wa mtupo huru wenye nyayo za mbuzi, na ulidumu msimu mzima.

Watu walipoanza kuja kutazama, walikuja wengi: wachimbaji, watu wa bodaboda, akina mama wa sokoni. Sheria hawakuzijua, lakini kuangalia watu wanaojua kutumia mwili, Wasukuma tumezaliwa nako. Kwetu mcheza ngoma akikukuna moyo huwezi kukaa kimya. Unanyanyuka, unaingia hadi pale alipo, unamtuza. Kanga, kuku, sukari, hata ndama, kila mtu na uwezo wake. Naye anapiga magoti anapokea, kwa sababu kukataa tuzo mbele za watu ni sawa na kumtemea aliyeitoa. Basi watu wakauleta utaratibu huo uwanjani. Kijana anakimbia na mpira, mama anakimbia naye sambamba anamfunga kanga kiunoni. Mwamuzi anapiga filimbi, mama anadhani anapigiwa vigelegele.

Nilifunga kamba ya katani kuzunguka uwanja, nikapita nikiwaambia mmoja mmoja: tuzeni mpira ukiisha. Wengi walielewa. Wengine niliwashika mkono. Kocha Adela alinieleza pia jambo moja: mtazamaji akiingia, mchezo unasimama tu na anatolewa. Lakini mtu aliyekaa kwenye benchi la timu akiingia, timu nzima inaweza kuandikiwa kosa, na wapinzani wakapewa mtupo huru, yaani kurusha bila kuzuiwa kwa pointi moja, kisha mpira wauanzie katikati ya uwanja.

Msimu wa nne au wa tano hivi, ndipo alipokuja Luhende.

Kocha alimwona Mwakitolyo, alikokwenda kumsalimia ndugu yake. Kijana alikuwa juu ya duara akiwarushia wenzake viroba vya mawe kwenye lori, kimoja kwa mkono wa kulia, kingine kwa wa kushoto, huku akipiga soga. Mrefu, mwembamba, mikono inafika magotini. Alikuja Katoro na viatu vya matairi. Siku ya kwanza akaambiwa aruke aguse ringi. Akaruka akaidaka kwa mikono miwili. Akabaki hapo.

"Mzee!" akaniita. "Mzee, nishushe!"

"Achia tu, mtoto!"

"Nikiachia nitaanguka!"

"Utaanguka kwa miguu yako! Achia!"

Wenzake walilala chini kwa kicheko. Kadogo, kijana mfupi kutoka Buseresere ambaye ndiye alikuwa akiongoza mashambulizi yetu, alimwendea akamkalisha mabegani kama mtoto aliyepanda mti wa jirani. Tangu siku hiyo wawili hao hawakuachana.

Nimeona vitu vingi, lakini sijaona kitu kama Kadogo na Luhende. Kadogo alikuwa anatoa pasi bila kutazama. Anatazama kushoto, mpira unakwenda kulia, na kulia hakuna mtu. Unasema, huyu amepoteza. Kumbe Luhende anafika. Mpira na mtu vinakutana juu, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilimuuliza Kadogo siku moja, "Unajuaje kuwa atakuwepo?" Akanijibu, "Mzee, wewe ulijuaje kijana wa chini ameshika kamba?" Nilikuwa najua kwa kiganja. Mtoto wa muuza dagaa, hajafikisha miaka ishirini, alikuwa na kitu kilichonichukua nusu ya maisha kukipata.

Na msidhani ni kipaji peke yake. Niliwafungulia geti alfajiri nikiwa bado nasikia usingizi. Luhende alirusha mitupo huru hadi mkono ukagoma kuinuka, anapumzika, anarudia. Kocha alimwambia aache, yeye akasema, "Bado haujaingia ule ninaoutaka." Imeingia yote! Mimi nimeiona! Lakini alikuwa na mmoja kichwani ambao sisi hatuuoni. Vijana wa namna hiyo unakaa nao kimya, kama kanisani.

Sasa, Luhende alikuwa na baba. Mzee Ng'wandu wa Mwakitolyo, mwenye ng'ombe na mwenye duara lake mwenyewe. Duara hilo lilianza kuonyesha dhahabu, na mwenye duara anahitaji msimamizi wa damu yake, kwa sababu mgeni atakuchagulia mawe mazuri ayaweke kwenye kiroba chake. Luhende ndiye mwanawe wa kiume pekee. Mzee alipiga simu kila wiki. Mimi nilisikia upande mmoja tu: "Ndiyo, baba. Hapana, baba. Ndiyo kazi, baba. Kaptula ndiyo sare, baba." Mwisho akampa muda: msimu ukimalizika atakuja mwenyewe aone, na atakata shauri hapo hapo.

Luhende alinijia kwenye kibanda cha vifaa, akakaa juu ya ndoo.

"Mzee, baba akisema turudi, nitarudi."

"Hata kama hutaki?"

"Ni baba."

"Na kikapu?"

Akaangalia mikono yake. "Chini ya ardhi hakuna mahali pa kuruka, mzee." Akainuka akaenda mazoezini. Nilijua anachokisema, niliwahi kuwashusha vijana huko.

Baba mtu alikuja siku ya fainali ya kanda, tulipowakaribisha vijana wa Mwanza. Alishuka kwenye basi na koti, kofia, fimbo, na jogoo mwekundu kwapani. Nilimpokea getini.

"Shikamoo, namhala." Ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima.

"Marahaba. Wewe ndiye unamlinda mwanangu?"

"Nalinda uwanja. Mwanao anajilinda mwenyewe."

"Nimekuja na nauli ya watu wawili ya kurudi. Nikiona upuuzi, naondoka naye jioni hii."

"Na usipouona?"

"Huyu jogoo si wa kula njiani."

Mzee wa umri ule siwezi kumkalisha kwenye tofali nyuma ya kamba pamoja na watu wa bodaboda. Nilimpa kiti cha mwisho kwenye benchi letu, Kocha Adela akakubali kwa kichwa, na katika haraka za siku hiyo hakuna aliyekumbuka kumweleza sheria ya benchi. Jogoo akakaa chini ya kiti, miguu imefungwa.

Robo ya kwanza mzee alimtazama jogoo wake kuliko mpira. Ya pili akaniuliza, "Mbona filimbi kila mara? Hawa hawachezi, wanashitakiana." Ya tatu Luhende alizuia mpira wa jitu la Mwanza, akaupiga kibao ukaenda hadi kwenye kamba yangu, na watu wote wakasimama. Mzee hakusimama, ila mkono wake ulishika fimbo kwa nguvu.

"Huyo ni mwanangu?"

"Ndiye."

"Nyumbani alikuwa anaogopa bata."

Robo ya nne timu zilifuatana kama ng'ombe kwenye njia nyembamba. Tunapita sisi, wanapita wao. Zikabaki sekunde chache, Mwanza wako mbele kwa pointi moja, na mpira ni wao. Akina mama waliacha kupiga vigelegele. Jamaa mmoja wa karasha, mashine ya kusaga mawe, mwenye vumbi la mawe hadi kwenye kope, alikuwa anasali kwa sauti. Ndipo Kadogo alipouchomoa. Sijui aliutoa wapi, mkono wake ulipita kama paka kwenye ungo wa dagaa. Akakimbia. Watu wawili wakamfuata, akatazama kushoto, mpira ukaenda kulia juu, juu kabisa, kule ambako hakuna mtu.

Luhende akafika.

Nimeyaeleza haya mara nyingi sokoni na kila mara nashindwa. Alipanda kutoka mbali mno. Jitu la Mwanza lilipanda naye, likafika mwisho wake, likaanza kushuka, na Luhende bado anakwenda. Kwa muda huo mfupi hakuna aliyepumua Katoro nzima. Kisha akaugongomelea ndani kwa mikono miwili, na ringi ya marehemu Fundi Sitta ikaimba. Sisi mbele kwa pointi moja. Vumbi lilipanda, vyombo vya akina mama wa uji vilimwagika, na mimi bega langu bovu lilikuwa limeinuka juu bila mimi kujua.

Nilipogeuka, kiti cha mwisho kilikuwa kitupu.

Mzee Ng'wandu alikuwa ndani ya uwanja. Hakukimbia. Alitembea kama mzee anavyotembea kwenye ngoma, hatua na fimbo, hatua na fimbo, jogoo ameinuliwa juu, anataja majina ya ukoo wake kwa sauti. Mwamuzi akapiga filimbi, saa ikasimama. Mwamuzi mwenyewe alikuwa kijana, na nadhani alikuwa na baba.

"Kocha, huyu ni wa benchi lako!"

Kocha Adela alishika kichwa.

Mwamuzi akamwendea Luhende, akamwambia upesi, nami nilikuwa nimeshafika karibu nikasikia kila neno: "Mtoe sasa hivi, nitafumba macho. Ukisimama naye hapa, naandika kosa la benchi."

Uwanja mzima ulipiga kelele, "Mtoe! Mtoe!" Kadogo alimshika Luhende jezi. "Kaka, msukume tu, tutamwomba radhi baadaye!"

Mzee alikuwa ameshafika. Akanyoosha jogoo kwa mikono miwili mbele ya mwanawe na akasubiri. Hakusikia kelele, au alizisikia akadhani ni za furaha.

Luhende alimtazama mwamuzi. Alitazama ubao wa pointi. Kisha akapiga magoti yote mawili juu ya zege, akanyoosha mikono na kumpokea jogoo.

"Wabeja, baba," akasema. Asante, baba.

Mzee akampaka mate kidogo ya baraka kifuani, akamtajia babu yake na babu wa babu yake, hakuharakisha hata mmoja. Zile kelele zikafa zenyewe, kutoka mbele kwenda nyuma, mpaka nikasikia jogoo anavyopumua. Wachezaji wetu wengine, Kadogo wa kwanza, wakainamisha vichwa. Na vijana wawili wa Mwanza nao waliinamisha. Nimewahi kuona wanaume wazima wakiuana kwa kiroba kimoja cha mawe. Hawa walikuwa na kombe mkononi, na wakaliacha lisubiri wazee wa mtu wamalize kutajwa.

Kosa liliandikwa. Mwanza walirusha mtupo huru mmoja, ukaingia, tukawa sawa. Mpira ukawa wao tena, na kwa sababu ya kosa lile waliuanzia katikati badala ya mwisho wa uwanja, wakautupa kutoka mbali huku saa ikilia, nao ukaingia. Tulifungwa.

Mzee alikuwa amerudi kwenye kiti, anafuta jasho kwa kofia, ameridhika.

"Mbona wanaoshangilia ni watu wa Mwanza?"

Mimi sijazoea kupaka asali maneno. "Kwa sababu yako, namhala. Ukiwa kwenye benchi huruhusiwi kuingia mchezo haujaisha. Ulipoingia tukaadhibiwa. Tulikuwa tumeshinda."

Akairudisha kofia kichwani taratibu.

"Yeye alijua?"

"Aliambiwa mbele yako. Akusukume, tusiadhibiwe."

"Na akapiga magoti."

"Akapiga magoti."

Luhende akatokea kwenye kibanda. Alikuwa ameoga, amevaa shati, begi begani, jogoo mkononi. Kadogo alimfuata nyuma amenuna, lakini alipofika mbele ya mzee akainama, "Shikamoo, baba." Na timu nzima ikapita hivyo hivyo, mmoja mmoja, wametoka kufungwa sasa hivi, wanamwamkia mtu aliyewafungisha. Nilisimama pale na funguo zangu, nikaona aibu ya kuwa mtu mzima.

"Begi la nini?" mzee akamuuliza mwanawe.

"La safari, baba. Ulisema ukiona upuuzi tunaondoka jioni."

"Upuuzi nimeuona. Nimeufanya mimi." Akapiga fimbo chini. "Rudisha begi."

"Na duara, baba?"

"Dada yako Sayi atasimamia. Hesabu anazijua kuliko wewe, na wale wezi wanamwogopa kuliko mimi." Akasimama, akaniangalia. "Bwana, kale kajamaa kafupi kanatoa mpira bila kutazama. Kana macho wapi?"

"Hata sisi tunatafuta, namhala."

Nauli ya mtu wa pili ilikwisha kwa soda. Timu nzima ilikunywa, na vijana wa Mwanza pia.

Misimu miwili baadaye Luhende alichukuliwa na timu ya Dar es Salaam. Bado anacheza huko. Kadogo ni nahodha wetu, na ninyi mnamfungulia geti alfajiri. Msimlalamikie. Mtu akiwaamsha mapema ili mwone kitu kama kile, mshukuruni.

Nimestaafu na bega langu. Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Katoro, vyumba vinne, bati jipya upande mmoja. Kiwanja kimoja Buseresere, hakina mgogoro. Shamba la mihogo na mahindi. Baiskeli. Redio. Spana mbili za Fundi Sitta, alizoniachia mjane wake. Mke mmoja, Mama Shija, ambaye hakuwahi kuingia uwanjani kwa sababu anasema kelele zinamuumiza kichwa. Watoto watano, wote wanajua kugawanya.

Na ng'ombe wanne. Watatu nimenunua kwa jasho langu. Wa nne, mtamba mweusi mwenye doa jeupe, alishushwa kwenye Fuso mbele ya nyumba yangu wiki niliyostaafu, na Mzee Ng'wandu akashuka nyuma yake na kamba.

"Wa nani huyu?" nilimuuliza.

"Wako."

"Mimi sijacheza chochote, namhala."

"Mwanangu alikuwa anaruka," akasema. "Na lazima kuwe na mtu wa kufagia anapotua."

Nilipiga magoti, na bega langu hili, nikapokea kamba. Ana mimba sasa.